Kiwele Kikiwa Jiwe

Agustina ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba Rhobi ana dhahabu, na alilisema neno hilo kisimani, mahali ambapo maneno huchotwa pamoja na maji.

"Mtu hashiki kitu kisicho na thamani," alisema, akiweka ndoo chini ili mikono iwe huru kwa maelezo. "Mmemwona anavyotembea? Mkono wa kulia una jembe, wa kushoto uko kifuani, chini ya ziwa, kama aliyebeba yai la kanga. Mwezi wa pili huu. Na sufuria je? Amenipa sufuria yake ile kubwa, ya kusongea ugali wa watu. Nikamuuliza, nirudishe lini? Akaniambia, usirudishe. Sasa niambieni, duka la ushirika halijaona sufuria tangu masika. Nani anagawa sufuria mwaka huu? Anagawa anayejua atapata nyingine. Kuna jiwe la Kewanja limelala kwenye kile kifua."

Hakuna aliyecheka. Matongo yote ilijua kwamba kuna wanaume wanaoingia kwenye mashimo ya zamani ya wazungu kule Kewanja na kutoka na vumbi la kung'aa ndani ya soksi. Kama dhahabu inakaa kwenye soksi, kifuani haishindwi.

Wanawake wakageuka kumtazama Ghati, kwa kuwa Ghati ndiye aliyelala boma moja na Rhobi.

"Mama Nyangi," Agustina alimwita, "wewe hujaona kitu?"

"Nimeona."

"Umeona nini?"

"Nimeona anashika ziwa," Ghati alisema. Akajitwika ndoo yake, akaenda zake, mtoto amelala mgongoni.

Ghati alikuwa mke wa Rhobi. Kwa Mkurya hapo hapana swali, lakini asiyetoka huku aelezwe. Rhobi alizaa mabinti wanne. Wote waliolewa, na ng'ombe wao wakaja bomani. Mtoto wa kiume hakuja. Mumewe, mzee Marwa, akafa bila mtu wa kulishika jina lake. Basi Rhobi akafanya kama wanavyofanya wajane wa kwetu wenye ng'ombe na wasio na mwana: akatoa mahari, akaoa. Alimwoa Ghati mwaka mmoja baada ya Ghati kumaliza darasa la saba, ili watoto atakaowazaa, baba awe yeyote, wawe wa boma la Marwa. Mtoto wa kwanza akazaliwa msichana. Rhobi alimtazama kwa muda, akasema, "Huyu naye ataleta ng'ombe," akampa jina la mama yake mwenyewe, Nyangi, na jambo likaishia hapo.

Ghati alimwita mama. Rhobi alimwita mkamwana, na hakuwa mtu wa kuongeza neno ikiwa moja limetosha.

Rhobi alikuwa na miaka arobaini na mitano hivi, kwa kuwa mama yake alimwambia alizaliwa nzige wakiwa bado shambani. Tangu kijiji kipangwe mistari mistari na kila mtu apewe namba ya nyumba, jina lake lilikuwa limekua, si kwa ukorofi wala kwa utajiri, bali kwa mikono. Rhobi alijua viwele. Ng'ombe akivimba kiwele, akigoma kukamuliwa, akitoa maziwa yenye damu au mabonge, hawakumngoja bwana mifugo ambaye baiskeli yake ilikuwa na pancha tangu Saba Saba. Walimwita Rhobi. Alipasha mikono kwanza, akiisugua mpaka ipate joto, kisha akakishika kiwele na kufumba macho. Aliagiza kitambaa cha maji ya moto na samli. Alikamua taratibu, kutwa mara tatu. Mara nyingi ng'ombe alipona.

Lakini kulikuwa na wale ambao alipowashika alifumbua macho mapema. Hapo alisema neno moja ambalo kijiji kizima kililijua kama sala: "Kiwele kikiwa jiwe, ng'ombe ni wa nyama." Akanawa mikono, akaenda nyumbani. Mwenye ng'ombe akatafuta kisu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kurudi kutazama kama alikosea, maana ng'ombe mwenyewe alikuwa ameshaliwa.

Ghati aliona mambo mengi kabla ya kisima kuyaona. Aliona kwamba asubuhi Rhobi hasukumi tena kifua kwenye ubavu wa ng'ombe anapokamua, bali anakaa mbali na kunyoosha mikono kama mtu anayeota moto mkali. Aliona kwamba kwenye shamba la kijiji, alipoitwa jina lake, aliitika, akalima mstari wake wote bila kupumzika, lakini jembe lilipanda kwa mkono mmoja. Aliona samli inapungua na hakuna ng'ombe anayeumwa. Aliona kitambaa kimeanikwa nyuma ya nyumba kila jioni, kina unyevu na joto.

Na aliona vitu vikitoka. Sufuria kwa Agustina. Kigoda cha miguu mitatu kwa mzee Heche wa nyumba ya pili. Blanketi jipya likafungwa na kupelekwa Nyansurura, ng'ambo ya Mto Mara, alikoolewa binti yake mkubwa. Hatimaye siku moja, wakiwa zizini, Rhobi alimpa Ghati kibuyu chake cha kukamulia, kilichokuwa cheusi kwa moshi wa miaka.

"Hiki ni chako," alisema. "Sasa sikiliza. Huyu mweusi anapiga teke akiguswa na mkono wa baridi. Huyu wa madoa usimkamue ukiwa na hasira, anabana maziwa. Yule mwenye pembe moja anataka kuimbiwa, lakini si wimbo wa kanisani, huo anaudharau."

"Mama, nimewakamua miaka mitatu."

"Umewakamua. Hujawajua."

Wiki hiyo hiyo Werema alikuja kutembea. Werema ni mdogo wake marehemu Marwa. Alikaa uani tangu chai mpaka jua la utosi, akaongea habari za mvua, na muda wote alikuwa amegeuza kiti kiangalie zizi. Alipoondoka alimpapasa Nyangi kichwani kama mtu anayepima boga. Ghati hakuhitaji shule kulijumlisha jambo lile. Boma bila mtoto wa kiume lina Rhobi. Boma bila Rhobi lina Werema. Ng'ombe wangekuwa wake, na yeye na mwanawe wangehesabiwa pamoja na vibuyu.

Aliyefichua mambo alikuwa Nyangi. Alikuwa na miezi kumi, umri wa kuwapiga watu kwa kichwa kwa sababu ya upendo. Jioni moja Rhobi alimpakata, na Nyangi akarudi nyuma, akachukua nguvu, akamgonga kifuani upande wa kushoto.

Rhobi alitoa sauti ambayo Ghati alikuwa hajaisikia kwa binadamu. Ilikuwa ya ndama aliyekanyagwa. Kisha akamrudisha mtoto kwa mama yake vizuri, bila kumwangusha.

"Kuna jiwe," alisema.

"La Kewanja?" Ghati aliuliza, neno likiwa limemtoka kabla hajalishika.

"La Mungu."

Kuku wakapita uani. Ghati akangoja wamalize.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu palizi."

"Linauma?"

"Linauma likitaka. Wiki moja kabla ya mwezi wangu linavimba, linauma mpaka kwapani. Blauzi ikinigusa ni kama kiberiti. Mwezi ukija, maumivu yanatulia. Jiwe lenyewe haliondoki. Linateleza chini ya kidole kama zabibu pori."

"Umelifanyia nini?"

"Ninachowafanyia ng'ombe. Kitambaa cha moto. Hicho kinanituliza kidogo, siwezi kusema uongo. Samli nayo nimepaka. Kisha nikakamua."

"Ukakamua?"

"Nikakamua."

"Kikatoka nini?"

"Machozi."

Ghati alinyoosha mkono kuelekea kile kifua. Rhobi aliusogeza kando, kwa adabu, kama anavyosogezwa ndama asiye wa ng'ombe yule.

"Mkamwana haoni kifua cha mama mwenye boma."

"Nani kasema?"

"Mimi."

"Basi nisione. Lakini twende kwa mganga wa zahanati."

"Akafanye nini? Nimeshika viwele miaka ishirini. Najua jiwe nikilishika. Kiwele kikiwa jiwe, ng'ombe ni wa nyama. Na mimi ndivyo."

"Nyama yako ataila nani, mama?"

Rhobi alilifikiria swali hilo kwa haki. "Werema," alisema.

Usiku ule Ghati alimnyonyesha mwanawe akiwaza. Alijua kumwambia Rhobi "usiogope" ni kumwaga maji juu ya bata, kwa sababu Rhobi hakuwa anaogopa. Alikuwa ametoa hukumu tu, na alikuwa anaitekeleza kwa utaratibu kama alivyotekeleza kila kitu. Hukumu haipingwi kwa kilio. Inapingwa kwa kesi. Asubuhi, zizini, Ghati akaanza akiwa amempa mgongo, anakamua yule mweusi.

"Mama, wale ng'ombe wa jiwe. Viwele vyao huvimba kabla ya mwezi, mwezi ukija vinatulia?"

"Ng'ombe hana mwezi. Wewe umesoma mpaka la saba na hujui?"

"Najua. Nilitaka kujua kama wewe unajua."

Maziwa yakapiga kibuyu.

"Na jiwe la ng'ombe," Ghati akaendelea, "huteleza chini ya kidole?"

"Haliendi popote. Limeshika."

"Lako?"

"Nimekuambia linateleza."

"Basi si jiwe moja. Mimi sijui ni nini. Lakini siku ile ng'ombe wa Benedicto alipovimba, yeye alitaka kumchinja asubuhi ile ile, na ulimzuia. Ulimwambia nini?"

Rhobi alikuwa mkweli hata pale ukweli ulipomkosesha kesi. "Nilimwambia kiwele hakihukumiwi na mwenye ng'ombe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ana hofu na anapenda nyama."

Ghati alimaliza kukamua. Alimfungulia ndama. Nyuma yake yule mwenye pembe moja akaanza kudai wimbo.

"Ashike mwanamke," Rhobi alisema mwishowe. "Na awe anajua kushika."

Mganga wa zahanati alikuwa Nikodemo, kijana mpole ambaye Rhobi alikuwa amemponyeshea ng'ombe mwaka jana. Hakuomba kuona. Aliuliza maswali yake akitazama meza, akaandika, akaweka kalamu chini.

"Mama, shikamoo tena. Hapa nina dawa ya malaria, ya kuhara, na ile nyekundu ya vidonda. Nikikuambia ni kitu fulani nitakuwa nimekisia. Hospitali ya misheni kuna daktari mwanamke. Nakuandikia barua, na hizi asprini ni za kupunguza maumivu. Umeze ukiwa umekula."

Walipotoka, Rhobi alisema, "Yule mtoto ni mzuri. Anajua asichokijua." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, na Nikodemo hakuwahi kuisikia.

Lori la kuchukua mahindi ya kijiji lilikuja siku ya Alhamisi. Rhobi alikuwa ameshakaa juu ya magunia, mkono wa kushoto mahali pake, Ghati na mtoto pembeni, wakati balozi wa nyumba kumi alipofika anahema. Jina lake Hezekia. Alikuwa na daftari.

"Shikamoo, mama Rhobi."

"Marahaba, balozi."

"Mama, kuna maneno."

"Yapo siku zote."

"Wanasema unapeleka kitu mjini kukiuza. Kitu kutoka Kewanja." Alishusha sauti, na abiria wote ishirini wakainamisha vichwa kumsaidia. "Mama, dhahabu ni mali ya Watanzania wote."

"Hili jiwe nililo nalo," Rhobi alisema, "Watanzania wote wakilitaka nitawagawia."

"Kwa hiyo lipo?"

"Lipo. Hapa." Alionyesha kwa kidevu. "Panda ulishike. Lakini pole pole, linauma."

Hezekia alitazama mahali palipoonyeshwa. Alikuwa Mkristo, ana mke, na mkewe alikuwa mmoja wa wale ishirini. Alifungua daftari, akaandika kitu ambacho mpaka leo hakijulikani, akalifunga.

"Safari njema, mama," alisema.

Daktari aliitwa Bernadetha, mwanamke mnene wa Bukoba aliyeongea kama mtu anayesoma orodha. Kabla ya yote aliuliza, "Huyu binti uliyekuja naye ni nani wako?"

"Mke wangu," Rhobi alisema.

Kalamu ya daktari ilisimama. Ilikaa juu ya karatasi kwa muda, ikashuka, ikaandika: *ndugu*.

"Aingie naye," Rhobi alisema, "yeye ndiye atakayekumbuka utakayosema. Lakini atazame ukuta."

Basi Ghati aliingia, akatazama ukuta. Ukutani kulikuwa na picha ya mama ananyonyesha, amechorwa akitabasamu kupita kiasi. Nyuma yake alisikia vifungo vya blauzi, kimoja kimoja. Halafu akasikia kitu alichokijua: viganja vinasuguliwa, taratibu, mpaka vipate joto.

"Ahaa," ilisema sauti ya Rhobi, na kwa mara ya kwanza tangu palizi ilikuwa imelegea. "Huyu anakamua."

"Unasema?"

"Endelea, daktari."

Daktari alishika kuanzia kwapani, akizunguka, kwa matumbo ya vidole, ziwa moja, kisha la pili. Hakuwa na haraka. Aliuliza ya mwezi, ya maumivu, ya mama na dada zake. Alisema ataingiza sindano ili ajue ndani kuna nini. Rhobi aliomba aione kwanza. Alisema ya chanjo ya ng'ombe ni nene zaidi, na akalala.

Ghati alimbana Nyangi mpaka mtoto akalalamika. Ilikuwa rahisi kuwa shujaa zizini kwa maneno. Hapa hapakuwa na kesi ya kusema. Kilichokuwa mle ndani kilikuwa kimeshakuwa kile kilichokuwa, na yeye alibaki na picha ya mama anayetabasamu.

"Maji," alisema daktari.

"Nani anataka maji?" aliuliza Rhobi.

"Hakuna. Ni maji. Tazama."

Ghati naye akageuka, adabu ilimshinda. Bomba la sindano lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai iliyokosa majani. Hayakuwa na damu. Daktari aliyatazama kwenye mwanga wa dirisha, akarudi kupapasa mahali pale, akamshika Rhobi vidole na kuviweka pale pale.

"Liko wapi jiwe?" Rhobi aliuliza.

"Hili hapa," daktari alisema, akiinua bomba.

Rhobi alitafuta mwenyewe, kushoto, kulia, juu, chini. Alifumba macho, akayafumbua, akayafumba tena. Mwishowe akaketi.

"Nimegawa sufuria," alisema, "kwa ajili ya maji."

Daktari akasoma orodha yake, na Ghati akaimeza yote kama alivyomeza hesabu za kuzidisha. Kwamba ni mfuko wa maji tu ndani ya ziwa, si saratani, huwapata wanawake wengi wa umri huo na huvimba na kuuma kwa kufuata mwezi. Kwamba unaweza kurudi, huu au mwingine, kwa hiyo baada ya wiki sita aje atazamwe. Kwamba maumivu yakija, ziwa lishikwe vizuri na kitambaa au sidiria isiyolegea, mchana na hata usiku, maana kinachouma zaidi ni kuning'inia na kutikisika. Kitambaa cha moto kinasaidia. Wengine hupata nafuu kwa cha baridi, ajaribu vyote. Asprini kama alivyoambiwa. Asikamue.

"Nani alikufundisha kitambaa cha moto?"

"Ng'ombe."

"Walikufundisha vizuri. Kukamua walikosea. Na wapo wanaopata nafuu wakipunguza chumvi, ingawa sina hakika nalo."

"Chumvi ya kwangu inaliwa na ng'ombe."

"Basi umeshaanza." Daktari aliandika. Halafu akaweka kalamu chini, na sauti yake haikuwa tena ya orodha. "Mama, nisikilize. Huu ulikuwa maji. Mwingine waweza usiwe maji. Kila mwezi, damu ikishaisha kama wiki moja, ziwa likiwa laini, lishikwe lote kama nilivyofanya. Ukikuta kitu kipya, njoo. Usikae nacho msimu mzima ukigawa vyombo. Uvimbe hauhukumiwi na mwenye nao."

Rhobi alimgeukia Ghati polepole. "Umemwambia wewe?"

"Sijafungua mdomo, mama. Nilikuwa natazama ukuta."

Walirudi Matongo Jumamosi. Ghati alichukua kipande cha marekani kilichokuwa kimebaki kwenye shuka ya mtoto, akashona kwa mkono kitu cha kubana kifua, chenye kamba pana mabegani na vifungo mbele. Kwa vipimo alitumia macho, kwa kuwa vipimo vingine alinyimwa. Upande mmoja ulikaa juu kuliko mwingine. Rhobi alikivaa, akatembea mpaka zizini na kurudi, akasema kinashika. Jumatatu alilima shamba la kijiji kwa mikono miwili.

Kisimani Agustina alikuwa ameshaona. "Si niliwaambia?" alisema. "Ameenda na jiwe, amerudi mikono inaning'inia. Ameuza."

Ghati alipofika nyumbani alimpa Rhobi habari hizo pamoja na maji. "Mama, nikachukue sufuria yetu?"

"Iache. Aliyeuza dhahabu hadai sufuria. Nikimdai atakuwa ameonekana mwongo, na ni jirani." Rhobi alifikiri. "Kigoda kwa Heche kachukue. Mgongo unaniuma. Na kibuyu changu nipe."

"Ulisema ni changu."

"Kilikuwa chako. Nilikuwa nimekufa."

Werema alipita mara moja zaidi, akamkuta Rhobi zizini, kifua kimesukumwa kwenye ubavu wa yule mweusi, anamkamua kwa mikono miwili. Hakukaa mpaka chai.

Mwezi ukaja ukaenda. Safari hii maumivu yalikuwa yamepanda kidogo tu kabla yake, na kitambaa cha moto na ile marekani vikayashinda. Wiki moja baadaye, jioni, Ghati alikuwa anamwosha Nyangi aliposikia anaitwa kutoka ndani. Alimfunga mtoto kanga, akaingia. Rhobi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, uso umeelekea ukutani, kama Ghati alivyoelekea ukutani kule hospitali. Vifungo vilikuwa wazi.

"Funga mlango, mkamwana."

Ghati akafunga.

"Daktari alisema kila mwezi lishikwe. Nimejaribu mwenyewe tangu asubuhi. Nimekuta mawe sita. Kisha nikakuta ni mbavu." Aliitazama mikono yake. "Mikono yangu imezoea ng'ombe. Ikigusa kitu kigumu inakimbilia kisu. Yako haina hofu, na nyama huipendi sana. Na sasa hivi nikifa utabaki na Werema, kwa hiyo hutanidanganya."

"Sitakudanganya, mama."

"Basi kila mwezi unishike wewe," Rhobi alisema. "Lakini upashe mikono kwanza."